Mshipi wa Rili ya Khavere

Mjinga wa siku hiyo nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili mtu asihangaike kumtafuta mwingine. Kioko hakuwa na kosa, dada yangu Gakii hakuwa na kosa, na hata viazi havikuwa na kosa, ingawa ndivyo vilivyoanguka.

Nina duka la kamba hapa Gatitu, pembeni mwa mji wa Nyeri. Nauza kamba za ng'ombe, uzi wa kushonea magunia, nyavu za kuku na vikorokoro vingine vya kufungia na kuvutia. Kabla ya hapo nilifuga kuku wakafa wote wakitazamana. Nikapanda kabeji mwaka ule ambao kila mtu alipanda kabeji. Nikawa kondakta, nikapigwa na mama mmoja kwa mwavuli wake. Kwa hiyo mtu akiniona nacheka asidhani maisha yamenibembeleza. Yamenichapa, ila niligundua kwamba ukicheka wakati wa kuchapwa, anayekuchapa hukosa raha.

Asubuhi hiyo kulikuwa na ule ukungu wa Julai ambao hauendi popote. Mlima haukuonekana, hata duka la ng'ambo ya barabara lilionekana nusu. Gakii aliingia na mfuko wa nguo, akatoa ndani yake mtambo mmoja, akauweka juu ya kaunta katikati ya kamba zangu.

"Ni ya Khavere," alisema. "Haina mshipi."

Ilikuwa rili ya kuvulia samaki baharini, yenye mkono wa kuzungusha na waya uliopinda juu yake kama mshikio wa ndoo. Pale katikati, kwenye kigurudumu cha kukunjia mshipi, kulikuwa na chuma kitupu kinachong'aa.

Maxwel Khavere alikuwa shemeji yangu, askari polisi, mtu wa Vihiga. Alimpata Gakii hapa hapa Nyeri alipokuwa kazini, akamwoa, wakamzaa Lavender, kisha serikali ikamhamishia Kilifi. Huko akajifunza kuvua. Siku zake za mapumziko alikuwa anakaa kwenye mawe ya pwani na fimbo yake, halafu anampigia Gakii simu. Mwezi wa tano hakuamka. Daktari alisema ni moyo. Tulimzika kwao Vihiga, mvua ikinyesha, tukarudi.

Tangu turudi Gakii alikuwa anasema "sawa". Chai iko tayari? Sawa. Lavender ana homa. Sawa. Saluni yake ya kusuka nywele ilikuwa imefungwa, na wateja walikuwa wanapita kwangu na kwa mke wangu Beth kuuliza atafungua lini. Hakulia Vihiga na hakulia Gatitu. Nami nilikuwa namfanyia mzaha kutoka asubuhi mpaka jioni, mizaha mizuri, ile ambayo zamani ilikuwa inamfanya ashike ukuta. Ilikuwa inatoka mdomoni mwangu na kuanguka sakafuni, na hakuna aliyeiokota.

"Kesho naenda na Kioko," alisema.

Kioko alikuwa askari mwenzake Khavere huko Kilifi. Alikuwa amekuja likizo, akapitia kwetu na pikapu yake kuleta sanduku la vitu vya marehemu, na kesho yake alikuwa anarudi.

"Unaenda wapi na Kioko? Beth akisikia atasema mnatoroka."

"Kwa hayo mawe. Alikuwa ananipigia simu akiwa hapo. Nilikuwa nasikia tu maji. Nataka kukaa hapo nirushe mshipi."

"Mpaka lini?"

"Sijui."

"Na Lavender?"

"Atakaa na nyinyi. Nimeongea na Beth. Amesema niulize wewe."

Sijui. Hilo neno lilinikaa vibaya. Mtu anayejibu kila kitu "sawa" ghafla anasema "sijui", na anaenda kukaa juu ya mawe kando ya maji yasiyo na mwisho. Ningemwambia pale pale kwamba sitaki aende. Lakini mimi sina mazoea ya kusema kitu kilivyo. Nikaamua nitamchelewesha. Nitaufanya huo mshipi uwe kesi ndefu, kesho ipite, Kioko aondoke, na mambo yaishe hapo.

Bahati mbaya mshipi nilikuwa nao. Kuna mwanamke anaitwa Wachuka, anauza vifaa vya uvuvi Kutus, na wiki ile alikuwa amenitumia kifurushi kwa sababu Gakii alimpigia bila kuniambia. Nilidhani ni nyavu zangu za kuku. Mlikuwa na vibunda vitatu vya mshipi wa kusuka, vyembamba viwili na kimoja kinene. Wachuka mwenyewe alinipigia kunieleza namna ya kuufunga. Alianza kusema kitu kuhusu kutanguliza nailoni kidogo, nikamkatiza. Nikamwambia, mama, mimi kamba naifunga tangu nizaliwe.

Kioko aliingia akipuliza vidole. Ni Mkamba wa Mwala, na pwani ilikuwa imemharibu. Alikuwa amevaa sweta mbili.

"Nyeri ni friji," alisema. "Mnaishi aje hapa, mwenye duka?"

"Tunahifadhiwa, Afande. Ndiyo maana hatuozi."

Alicheka. Gakii hakucheka. Alikuwa amekifungua kile kibunda chembamba cha kwanza, na alikuwa anaupitisha mshipi kati ya vidole viwili, macho yakiwa kwenye ukungu.

"Tuanze na huu mnene," nikasema. "Bahari si mto wa samaki wa trauti. Huko kuna samaki wana meno kuliko shemeji zangu."

"Mnene hapana," Kioko alisema. "Khavere alikuwa anatumia nyembamba."

"Nyembamba! Hii ni uzi ya kushona suruali. Samaki akikohoa inakatika."

"Angalia rili. Ukijaza hiyo mnene, itaingia kidogo tu. Sasa samaki mkubwa akishika, anakimbia. Anakimbia, anakimbia, mshipi unaisha kwa rili, anakuaga. Halafu hiyo mnene upepo unaibeba. Unarusha mbele, inaangukia jirani."

"Wewe ni mvuvi?"

"Mimi nilikuwa nabeba ndoo."

Sasa hapa Gatitu kamba haiuzwi kwa maneno. Mteja akitilia shaka, tunafunga debe la viazi kwenye boriti ya dukani. Kamba ikishika, anaichukua. Ikikatika, anaokota viazi na kwenda navyo nyumbani. Ndivyo baba alivyoniachia duka, na viazi vya Mweiga havikosi kwangu kwa sababu Beth anaviuza pale mlangoni. Nikauchukua ule mwembamba, nikaufunga fundo la ng'ombe kwenye mshikio wa debe, nikaupitisha juu ya boriti.

Debe lilipanda. Mshipi ukashika. Huo uzi wa suruali ulishika debe zima la viazi, ukakaza mpaka ukawa unalia kidogo, na Beth akawatangazia wateja kwamba nimeshindwa.

"Imeandikwa arobaini," nikasema nikisoma kibandiko. "Basi bado. Hiyo ni debe moja. Tuweke la pili ifike arobaini."

"Ngoja," Kioko alisema.

Sikungoja. Nilining'iniza la pili. Kulisikika mlio mdogo, kama mtu amekata kucha, kisha viazi vikaenda kila mahali. Vingine vilivuka mlango vikashuka barabarani, na mbuzi wa jirani akaja mbio.

"Unaona!" nikapiga kelele, na ukweli ni kwamba nilifurahi. "Haina nguvu! Arobaini yenyewe imeshindwa. Gakii, hakuna safari. Tunamrudishia Wachuka takataka zake, atume zingine, wiki ijayo, mwezi ujao..."

"Hiyo ni arobaini pauni," Kioko alisema. "Sio kilo. Pauni arobaini haifiki hata kilo ishirini. Debe moja ndiyo kipimo yake. Na hiyo fundo yako imeikata shingo."

"Pauni? Nani anapima na pauni?"

"Watu wa samaki."

"Sasa samaki wa kilo thelathini akikuja?"

"Samaki haning'inizwi kwa boriti, mwenye duka. Rili iko na breki. Akivuta, inaachilia pole pole. Akichoka, unakunja. Ni kama kuongea na mlevi."

Gakii alikuwa amepiga magoti akiokota viazi. Aliviokota vyote, kimoja kimoja, akavipangusa kwa leso yake kana kwamba mtu angevikagua. Zamani angekuwa amelala chini kwa kicheko. Nilimngoja. Nilisema kitu kuhusu mbuzi kuwa ndiye mteja pekee aliyeridhika. Aliweka kiazi cha mwisho ndani ya debe akasimama.

"Sehemu iliyokatika itolewe," alisema. "Uliobaki unatosha."

Kisha akavichukua vile vibunda viwili vyembamba na kuvishika kila kimoja kwa mkono wake.

"Huu umesukwa kwa nyuzi nyingi. Ni laini kama nywele za dukani. Huu mwingine uko na nyuzi nne. Unakwaruza. Kioko, tofauti ni gani?"

"Laini inaenda mbali ukirusha. Hata haipigi kelele. Lakini hayo mawe ya Khavere, Mama Lavender, yamejaa chaza. Ni kama wembe. Mara mbili tatu ikigusa mawe, laini inaanza kutoa manyoya. Hiyo ya kukwaruza inavumilia."

"Nachukua ya kukwaruza."

"Fikiria kwanza," nikasema. "Rangi je? Hii ni kijani. Samaki wa bahari wanajua kijani? Hao wamezoea buluu. Wataona kijani waseme, huyu ni wa kutoka Nyeri, amekuja na sukumawiki."

"Murungi. Nachukua ya kukwaruza."

Basi kazi ya kuukunja mshipi ikawa yangu, kwa sababu nilisema mimi ndiye mwenye duka la kamba. Kioko alipitisha penseli katikati ya kibunda, akakishika ili kizunguke, akaniambia nishike mshipi kwa kitambaa chenye maji na niukaze ninapokunja. Nikamwambia vidole vyangu vimeshika kamba ya fahali. Nikaufunga mshipi moja kwa moja kwenye kile chuma kitupu, fundo langu lile lile, nikaanza kuzungusha mkono na kupiga hadithi. Nilikuwa katikati ya ile ya mama wa mwavuli mshipi uliponikata. Hujui umeingia mpaka uone damu. Beth alileta mkebe wa plasta, akanifunga kidole, akasema, "Fahali amekushinda leo."

Nilimaliza kwa kitambaa chenye maji.

Ilipendeza, sitakataa. Rili ilijaa kijani mpaka karibu na ukingo. Gakii akauzungushia mshipi kwenye nguzo ya mlango, akarudi nyuma nayo mkononi, akavuta. Ikaachilia. Kioko akasema kaza breki. Akakaza. Ikaachilia vile vile. Nikaichukua mimi, nikakaza breki mpaka kidole chenye plasta kikaniuma, nikavuta. Ule mzigo wote wa mshipi ukawa unazunguka juu ya chuma, kama bangili iliyomzidi mtu mkono. Breki ilikuwa imeshika kabisa, na mshipi ulikuwa unazunguka tu.

"Imekufa," nikasema. "Chumvi imekula ndani. Pole, Gakii."

Nilisema pole na moyoni nikashusha pumzi. Nilikuwa nimeshinda bila kugombana na mtu. Nikaanza kuongea haraka. Tutanunua nyingine. Desemba tutaenda wote, Beth, watoto, tukodi gari, tule nazi mpaka tuchukiwe. Tutapiga picha na ngamia. Mimi nitavaa kaptula na bahari itarudi nyuma yenyewe.

"Sawa," Gakii alisema.

Akaketi juu ya kreti ya soda. Rili ilikuwa mapajani mwake, na alikuwa anauzungusha ule mkono taratibu, mshipi ukienda na kurudi, ukienda na kurudi. Uso wake ulikuwa vile vile. Hapo ndipo nilipotambua kwamba asubuhi yote alikuwa ameuliza maswali, amechagua, ameniita kwa jina langu akiwa amekasirika. Na sasa alikuwa amerudi kwenye ile "sawa" yake. Niliona hivyo vizuri kabisa, na bado niliendelea kuongea kuhusu ngamia.

Kioko alikuwa ananitazama.

"Mwenye duka. Chini umeweka nini?"

"Chini wapi?"

"Kwa chuma. Kabla ya mshipi."

"Nimefunga mshipi. Ulitaka niweke nini, godoro?"

"Aii. Hii ya kusuka inateleza kwa chuma. Lazima iwe na kitu ya kushika. Khavere alikuwa anaanza na nailoni kidogo, ile ya kawaida, halafu anaunganisha. Siku moja hakuwa na nailoni. Alifunga plasta ya kidonda, akakunjia juu yake."

Maneno ya Wachuka yakanirudia yote, hata sauti yake. Gakii alikuwa ameacha kuzungusha. Alikuwa anakitazama kidole changu.

"Leta hiyo plasta," alisema.

"Hii? Hii iko na damu yangu!"

"Ile iko kwa mkebe, Murungi."

Ikabidi tuutoe mshipi wote. Kioko aliushika mwisho wake akatembea nao ukunguni, akapita kinyozi, akapita bucha, mpaka akawa hasikiki wala haonekani, na mshipi wa kijani umelala kando ya barabara, mimi nikiwazuia wenye bodaboda kwa mikono miwili. Watu wa Gatitu walitoka kuangalia. Mmoja akauliza kama tunapima shamba. Mwingine akauliza kama nyaya za stima zinakuja. Nilikuwa na majibu mazuri ya wote wawili, nikayaacha.

Gakii alizungushia plasta kwenye chuma, mara moja, akaibana kwa kucha zake za kazi. Alifunga mshipi juu yake fundo dogo ambalo huwa anafungia nywele mwanzo wa msuko, akalilowesha kwa mate, akalikaza. Kisha akakunja. Alikunja mwenyewe, mshipi ukipita ndani ya kitambaa chenye maji, bila haraka na bila kusimama, na Kioko akawa anakuja kutoka ukunguni kidogo kidogo kama samaki asiyebisha, mkono mbele, akitetemeka kwa baridi. Alipofika mlangoni rili ilikuwa imejaa.

"Vuta," Gakii alimwambia.

Kioko akavuta. Rili ikakataa. Akavuta kwa nguvu zaidi, na sasa breki ikaachilia kidogo, kwa sauti ya kukereza, tik tik tik, ikashika tena. Kioko akasema, "Hivyo. Ndivyo ilikuwa inalia," halafu akatazama pembeni. Akasema anaenda kuweka mafuta kwa pikapu.

Beth alikuwa amechukua madebe yake kwenda kuuza upande wa stendi. Tukabaki mimi na dada yangu. Aliifunga rili kwa sweta ya zamani ya Khavere, ile ya kazi, akaiingiza mfukoni.

"Nitamleta Lavender jioni," alisema. "Hapendi maziwa ikiwa na utando juu."

"Gakii, keti kidogo."

"Nimeketi siku nzima."

"Sitaki uende."

Nililisema mwishowe, na lilitoka bila mzaha wowote ndani yake, mpaka sauti yangu ikanishangaza.

"Najua," alisema.

"Ulijua?"

"Viazi, Murungi? Rangi ya kijani?"

"Basi kama ulijua, sikia. Umesema hujui utarudi lini. Hulali, huli. Unaenda kukaa kwa mawe makali, peke yako, maji iko chini hapo. Unataka mimi nifikirie nini? Nikae hapa niuze kamba?"

"Kioko atakuwa hapo."

"Kioko alikuwa anabeba ndoo! Hata samaki hujui kumtoa ndoana. Hata samaki wenyewe hupendi, umekataa trauti miaka yote, ati inanuka matope."

"Sitamla."

"Sasa si ubaki? Hapa uko na watu. Beth yuko. Mtoto yuko. Mimi niko, kila siku niko, tangu mazishi sijakuacha hata saa moja. Asubuhi nakuja, jioni nakuja, nakuongelesha, nakuchekesha, usikae ukifikiria. Niambie tu kitu moja, nikubali uende. Huko kwa hayo mawe kuna nini ambacho hapa hakuna?"

Gakii aliuweka mfuko begani, akasimama mlangoni, nusu yake tayari iko ukunguni.

"Huko wewe hauko," alisema.